Gari inawaka vizuri asubuhi, ikishapata moto inagoma: tatizo liko wapi hasa?

Asubuhi unatoka Kimara, unapiga stata mara moja imewaka, unaingia mjini bila shida yoyote. Unapaki Kariakoo kama robo saa unafuata mzigo, unarudi, unapiga stata, gari haitaki. Unahangaika weee, watu wanapiga honi umewazibia njia, unakata tamaa unakaa pembeni, baada ya nusu saa unajaribu tena inawaka bila kinyongo chochote.

Hii shida inakula sana hela za watu hapa Dar, na siyo kwa sababu ni ngumu kuitibu, mara nyingi inaisha kwa kubadilisha kitu kimoja tu kidogo. Ni kwa sababu gari ikifika gereji imeshapoa. Fundi anapiga stata, inawaka. Anaangalia moto wa plagi, upo. Anaangalia mafuta, yanakuja. Hapo sasa kinachobaki ni kubahatisha, anakwambia bosi hii pampu, unashuka Gerezani unanunua pampu, wiki ijayo imegoma tena Mwenge anakwambia basi ni koili, ile inayotengeneza moto wa plagi, unanunua koili, mwisho wa mwezi umeshabadilisha vitu vinne na gari bado inachagua siku za kuwaka. Mimi msimamo wangu ni huu, gari ya namna hii inapimwa ikiwa imegoma, pale pale ilipogomea, na mtu wa kwanza wa kuipima ni wewe mwenye gari kwa sababu ndiye uliyepo. Huhitaji kuwa fundi, unahitaji kujua uangalie nini ndani ya zile dakika kabla haijapoa.

Kwanza tuelewane kuhusu joto lenyewe maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Watu wanadhani ukizima gari inaanza kupoa hapo hapo. Haiko hivyo. Injini ikiwa inafanya kazi maji yanazungushwa, feni inapiga, upepo unapita chini ya boneti. Ukizima vyote vinasimama kwa pamoja lakini chuma bado kina moto, na lile joto lililokuwa ndani linaendelea kutoka nje taratibu halina wa kulipokea, kama jiko la mkaa uliloshaipua sufuria. Kwa hiyo kati ya dakika 10 na 30 baada ya kuzima, chini ya boneti panaweza kuwa na joto kuliko hata ulivyokuwa unaendesha. Sensa, koili, mabomba ya mafuta, stata, vyote vinaokwa. Ongeza na hali yetu, jua la Februari, lami inatoa moto, umetoka kwenye foleni ya Mandela gari inatembea hatua mbili inasimama, AC imewashwa mpaka mwisho. Ndiyo maana gari hiyo hiyo ukizima ukawasha baada ya dakika mbili inakubali, ukikaa dakika ishirini inagoma, na ukikaa saa mbili inakubali tena. Ukiona mtiririko wa hivyo jua kabisa unashughulika na kitu kinachochukia joto, na huo muda uuandike, utakusaidia huko mbele.

Sasa swali la kwanza kabisa, na naomba usiende swali la pili kabla hujalijibu hili: ukipiga stata, injini inazunguka au haizunguki? Nashangaa ni watu wangapi wanafika kwa fundi wanasema tu gari haiwaki, ukimuuliza ilikuwa inazunguka anasema sijui nilichanganyikiwa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Injini isipozunguka achana na habari za pampu na plagi, hazihusiki, tatizo liko kwenye betri, nyaya, au stata. Injini ikizunguka kwa nguvu zake za kawaida lakini haishiki, basi stata na betri ziache, tatizo ni mafuta au moto wa plagi au kompyuta ya gari imedanganywa na sensa.

Injini isipozunguka

Sikiliza mlio. Kuna ule wa "ka" mara moja kisha kimya, kuna ule wa "ka-ka-ka-ka" wa haraka haraka huku taa za dashibodi zinafifia, na kuna kuzunguka kwa uzito, injini inajivuta. Ule wa haraka haraka mara nyingi ni betri imeishiwa au vichwa vya betri vimelegea au vimeota ule ukungu mweupe au wa kijani. Ule wa "ka" mara moja taa zikiwa zinang'aa vizuri, hapo mtuhumiwa mkubwa ni stata yenyewe.

Stata imekaa chini karibu na injini, kwenye gari nyingi iko jirani na eksozi, na gari ndogo ya petroli inavuta kama ampia 100 mpaka 200 wakati wa kuzungusha. Shaba ikipata joto inapitisha umeme kwa shida zaidi, karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii moja, kwa hiyo ikitoka kwenye digrii 30 ikafika 100 upinzani umepanda kwa zaidi ya robo. Stata yenye afya haijali hiyo robo. Stata iliyochoka ndiyo inayoshindwa, na betri iliyochoka inashindwa nayo pamoja. Hapo ndipo ile hali ya "asubuhi inawaka mchana inagoma" inapozaliwa.

Kuna stata nyingi za Kijapani ambazo ndani ya solenoidi, ile sehemu inayolia "ka", kuna vipande viwili vya shaba na kijisahani kinachokuja kuvigusa vyote viwili ili umeme upite. Kila ukipiga stata kinapiga cheche kidogo pale. Jirani yangu mmoja Tabata alishauziwa betri mpya kwa ajili ya shida hii, betri ikakaa wiki tu gari ikagoma tena, ikabidi stata ishushwe na kufunguliwa mezani kwa fundi umeme. Kipande kimoja cha shaba kilikuwa bado kina unene wake, kile cha pili kimeliwa upande mmoja mpaka kijisahani kilikuwa hakikigusi vizuri, na pale kilipokuwa kinagusa pameungua peusi. Fundi akabadilisha vile vipande viwili na kaboni, akasugua kijisahani, akarudisha. Vipande vya namna hiyo vinauzwa peke yake, hulazimiki kununua stata nzima ya mtumba ambayo nayo huijui imeliwa kiasi gani.

Kujua kama ni betri au stata bila kufungua chochote unahitaji mita tu, ile ndogo ya kupimia umeme, wanauza kila duka la umeme. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu. Mtu mwingine apige stata wewe umeshika waya za mita kwenye vichwa vya betri. Volti ikiporomoka chini ya 9.6 hivi, betri haina nguvu au stata inavuta umeme kupita kiasi, betri ikapimwe kwa mzigo kwanza, yaani ikiwa inavutwa umeme mwingi. Volti ikibaki juu kwenye 12 na stata imetoa "ka" tu, umeme haufiki au haupiti, yaani ni nyaya au vile vipande vya shaba ndani ya stata. Kisha pima kati ya kichwa cha hasi cha betri na chuma cha injini yenyewe wakati wa kupiga stata, ukipata zaidi ya nusu volti ule waya wa hasi unaokwenda kwenye injini na bodi umeoza au umelegea. Gari zetu zinalala nje, chumvi ya bahari ipo hewani hasa huku Kigamboni na Mbezi Beach, nyaya hizi zinaoza kwa ndani chini ya plastiki huoni chochote kwa nje.

Kama gari ni oto jaribu pia kupiga stata ikiwa kwenye N badala ya P. Ikikubali kwenye N swichi ya gia imechoka na umeokoa hela ya stata.

Inazunguka vizuri ila haishiki

Hapa ndipo kuna utajiri wa sababu na hapa ndipo hela zinapotea zaidi. Angalia mambo matatu tu. Inaonyesha dalili ya kutaka kuwaka au imekufa kabisa? Kuna harufu ya petroli? Na mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini kwa dakika, kwenye dashibodi unafanya nini wakati stata inazungusha?

Tuanze na huo mshale maana watu wengi hawajui kama unaongea. Stata ikiwa inazungusha injini, kwenye gari nyingi zenye mshale wa RPM unanyanyuka kidogo, kama 200 au 300 hivi. Taarifa ya mzunguko inatoka kwenye sensa ya krenki, na sensa hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Kompyuta isipoipata taarifa hiyo haitoi moto kwenye plagi, haifungui noziri zinazopulizia mafuta, na kwenye gari nyingi inakata na pampu ya mafuta. Kwa hiyo kitu kimoja kidogo kimekufa na dalili zinaonekana kama umepoteza kila kitu, fundi akipima moto hakuna, akipima mafuta hakuna, anachanganyikiwa. Sensa nyingi za aina hii ndani ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Waya ukiwa na ufa mdogo, wakati wa baridi unagusana, joto likipanda vinatanuka ufa unafunguka umeme unakatika. Ikipoa unagusana tena. Ndiyo maana inapona yenyewe baada ya nusu saa, na ndiyo maana sensa hiyo hiyo baadaye inaanza kuzima gari ukiwa unaendesha, jambo ambalo kwenye Morogoro Road na malori yale siyo la kuchezea hata kidogo.

Kwa hiyo gari imegoma, injini inazunguka, mshale umelala chini kabisa haunyanyuki, harufu ya petroli hakuna: sensa ya krenki ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Siyo gari zote mshale unafanya kazi wakati wa stata, kwa hiyo siku gari iko nzima angalia kwanza mshale wako huwa unafanya nini ndiyo utajua siku ya shida kama umebadilika. Na kipimo kizuri zaidi ukiwa na fundi mwenye subira: sensa ikionekana kwa nje, iwekewe kitambaa kilicholowa maji ya baridi dakika chache, ile sensa tu, usimwagie injini maji maana chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupasuka. Ikiwaka baada ya kupoza sensa peke yake huku injini yote bado ina moto, umemkamata. Kinyume chake nacho kinafanya kazi, gari ikiwa imepoa gereji na inawaka vizuri, fundi aazime ile mashine ya saluni ya kukaushia nywele aipulizie sensa joto. Inagoma? Basi. Kipimo hicho hicho kinafaa kwa koili na rilei, zile swichi ndogo za umeme, unapasha au kupoza kitu kimoja kimoja.

Koili nazo na ile igniter inayowasha na kukata umeme wa koili kwenye gari za zamani zenye distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, zina tabia hiyo hiyo ya kufa zikipata joto. Tofauti ni kwamba gari yenye koili moja kwa kila plagi, ikifa koili moja gari inawaka inatetemeka, haigomi kabisa. Kwa hiyo ukiuziwa koili nne kwa gari ambayo haitoi hata dalili ya kuwaka, uliza maswali kwanza. Kwenye Honda za miaka ya 80 na 90 kuna rilei kuu inayojulikana sana, risasi ndani yake inapasuka, gari ikikaa juani vioo vimefungwa inagoma, ukifungua milango ndani kukapoa inakubali.

Sasa mafuta. Hapa kuna pande mbili zinazopingana na lazima ujue uko upande gani, mafuta machache au mafuta mengi.

Machache inakuwa hivi. Ukizima gari, mafuta yaliyo kwenye bomba yanatakiwa yabaki na presha, kuna vavu ndogo kwenye pampu inayoyazuia yasirudi kwenye tenki. Toyota ndogo nyingi za petroli, zile tunazozijua barabarani kwetu, presha inatakiwa kuwa kama kPa (kipimo cha presha) 304 mpaka 343, na dakika 5 baada ya kuzima isiwe chini ya kPa 147. Vavu ikichoka presha inaondoka, mafuta yaliyobaki kwenye reli, lile bomba linalogawia noziri mafuta, juu ya injini ya moto yanachemka yanakuwa mvuke, noziri zinapuliza mvuke badala ya petroli. Dalili yake ni kwamba unazungusha muda mrefu, sekunde tano, nane, kumi, ndipo inashika kwa kutetemeka kisha inatulia. Haifi kabisa, inachelewa. Asubuhi unaweza usione kwa sababu mafuta yakiwa baridi bomba likishajaa hayageuki mvuke.

Mtaani kuna kipimo maarufu cha kuweka swichi ON bila kupiga stata, unasikia pampu imevuma sekunde mbili, unazima, unarudia mara tatu, kisha unapiga stata. Ikiwaka haraka kwa njia hiyo ujue ni presha. Ni kipimo kizuri ila kina mtego mmoja ambao umeuza pampu nyingi bila sababu: Toyota nyingi za umri huo pampu haivumi kwa kuweka swichi ON tu, inasubiri mpaka upige stata. Mtu anaweka ON hasikii kitu anasema pampu imekufa, kumbe ndivyo gari ilivyoumbwa. Kwa gari hizo kinachofaa ni geji ya presha ya mafuta ifungwe kwenye bomba, gari ipashwe moto, izimwe, tuangalie mshale unashuka kwa kasi gani. Ni kazi ya muda mfupi sana na ni gereji chache wanajisumbua kuifanya, wengi wanaona bora waseme nunua pampu.

Na hapa niseme jambo kuhusu tabia yetu ya mafuta ya elfu kumi. Pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na petroli inayoizunguka. Ukiishi na taa ya mafuta imewaka mwaka mzima pampu inafanya kazi kwenye joto kila siku, na ikichoka inaanza kuonyesha mchana kwanza, siyo asubuhi. Najua maisha yalivyo, lakini kama unaweza kuiacha isishuke chini ya robo, ifanye hivyo.

Upande wa pili, mafuta mengi. Unapiga stata inazunguka, petroli inanuka, ikija kuwaka inatoa moshi mweusi na kukohoa. Hapo injini imezama. Jaribio la pale pale ni kukanyaga mafuta mpaka chini kabisa ukashikilia, kisha piga stata. Gari nyingi za noziri kompyuta ikiona pedali iko chini kabisa wakati wa stata inakata mafuta na kuiacha hewa iingie, injini inajikausha. Ikishika kwa njia hiyo, na ukaachia pedali taratibu, umepata jibu kwamba shida ni mafuta kuzidi. Usizungushe zaidi ya sekunde 10 mfululizo, pumzisha stata, vinginevyo utaongeza shida ya pili.

Mafuta yanazidi kwa nini wakati wa joto? Noziri inaweza kuwa inadondosha, ukizima presha iliyobaki inavuja taratibu ndani ya silinda, dakika ishirini zinatosha. Lakini kuna sababu ya bei nafuu inayosahaulika sana nayo ni sensa ya joto la maji. Siizungumzii ile inayoendesha mshale wa dashibodi, kwenye gari nyingi za zamani hizo ni mbili tofauti, kwa hiyo mshale kuwa sawa hakuthibitishi chochote. Sensa hii inaiambia kompyuta injini ina joto kiasi gani, baridi weka mafuta mengi, moto weka machache. Kwenye Toyota nyingi upinzani wake ni kama kilo-ohm 2.3 mpaka 2.6 kwenye digrii 20, na ikifika digrii 80 unashuka mpaka kama ohm 310 mpaka 330. Ikiharibika kabisa, waya ukakatika, kompyuta inagundua na kuwasha taa ya injini. Shida ni ile inayodanganya, injini iko digrii 90 yenyewe inasema 30. Taa haiwaki, maana 30 ni jibu halali, na kompyuta inamwaga mafuta ya asubuhi kwenye injini ya mchana. Asubuhi uongo na ukweli vinalingana ndiyo maana inawaka safi. Mashine ya kupimia inakuonyesha joto ambalo kompyuta inasoma, ukiona 35 na wewe huwezi hata kushika bomba la juu la rejeta, shughuli imeisha.

Kuna na lile la sheli. Gari inasumbua kuwaka baada ya kujaza mafuta tu, siku nyingine haina shida. Kuna vavu inayopeleka mvuke wa tenki kwenye injini, ikikwama wazi ule mvuke unaingia wote kwa pamoja. Mwambie fundi hilo neno moja, ikisumbua ni baada ya sheli, ataokoa nusu ya kazi. Na acha kumwambia mhudumu aongeze mpaka juu kabisa baada ya bomba kujikata.

Wenye mitungi ya gesi asilia, na siku hizi mko wengi hasa wa taksi mtandao, nyie mna kipimo ambacho wengine hatuna. Mifumo mingi inawasha kwa petroli kwanza kisha inahamia gesi, lakini ina njia ya dharura ya kuwasha kwa gesi moja kwa moja, mara nyingi kwa kushikilia kitufe cha gesi wakati unaweka swichi ON, muulize aliyekufungia. Gari ikigoma ikiwa na joto jaribu kuwasha kwa gesi. Ikikubali, moto wa plagi na sensa ya krenki viko sawa, tatizo liko upande wa petroli. Na petroli ndiyo inayosahaulika kwenye gari hizi, inabaki kidogo mno kwenye tenki, pampu inaungua. Ikigoma kote kote, petroli na gesi, angalia pia nafasi za vavu za injini, gesi haina ulainishaji wa petroli, viti vya vavu vinaliwa haraka, vavu zinaanza kutofunga vizuri injini ikipata moto na kompresheni inashuka.

Dizeli ni somo lake. Hiace na Hilux za dizeli hazina plagi za moto wala koili, ikigoma ikiwa na moto mara nyingi ni pampu ya dizeli au noziri zimechoka, kwa sababu dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na inapenya kwenye sehemu zilizolika, presha ya kuwashia haifikiwi. Kwenye zile pampu za zamani kitambaa kilicholowa juu ya pampu kinakupa jibu. Kwenye za kisasa fundi anafunga vichupa kwenye mabomba ya marejeo ya noziri anaangalia ipi inarudisha nyingi kuliko wenzake. Msikubali kuuziwa noziri zote nne bila kuona vile vichupa.

Mashine, na cha kumwambia fundi

Mashine ya kusoma makosa inasaidia lakini siyo hakimu. P0335 inakuelekeza kwenye sensa ya krenki au waya wake, P0340 sensa ya kamshafti, P0117 na P0118 sensa ya joto. Lakini kosa linalotokea kwa dakika kumi tu linaweza lisiandikwe kabisa, na vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu haviongei na baadhi ya gari za zamani za soko la Japani. Mashine ikisema hakuna kosa haimaanishi gari ni nzima. Fundi mzuri ataangalia namba zinavyotembea wakati stata inazungusha, RPM inasomwa ngapi, joto la maji linasomwa ngapi.

Kabla hujaanza haya yote hakikisha gari haichemshi. Kama feni haipigi, au thermostati ilishatolewa na rejeta imejaa maji ya bomba, joto lenyewe limezidi na utakuwa unabadilisha sensa zisizo na kosa. Mfuniko wa rejeta usiufungue gari ikiwa na moto kwa sababu yoyote ile.

Siku ikigoma weka gari pembeni salama, washa hazadi, na rekodi video kwa simu: dashibodi yote inaonekana na mlio wa stata unasikika, sekunde nane zinatosha. Kisha andika hapo hapo kwenye simu, ilizimwa saa ngapi, imegoma baada ya dakika ngapi, inazunguka au haizunguki, mshale wa RPM ulinyanyuka au ulilala, petroli ilinuka au haikunuka, ukikanyaga mafuta mpaka chini ilibadilika au la, umetoka sheli au hapana, na imekuja kuwaka baada ya muda gani. Mpelekee fundi hiyo video na huo ujumbe kabla hajagusa spana. Akikujibu hata hajaangalia kwamba lete hela ya pampu, mpelekee fundi mwingine. Akikuuliza swali la ziada, mwachie gari, na mwambie aipashe moto, afunge boneti, aizime, asubiri robo saa ndiyo aanze kupima.